Kamera Iliyojaribiwa kwa Ndama

Nakumbuka jioni moja ya Jumapili hapa Roret, mwanangu, mama mkwe wangu alipomfanya muuza kamera apige magoti kwenye matope ya boma letu. Umekuja kuniuliza ununue kamera gani ya kupiga picha na video za mbio, na najua ulitaka nikutajie jina tu uende zako. Tulia kwanza. Chai iko kwenye thamosi, jimiminie.

Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana alikuwa ameniahidi kazi ya kupiga picha na video za riadha, mradi nije na kamera ya maana, si kile kidude changu cha picha za pasipoti. Pesa sikuwa nazo. Mama mkwe, mjane wa watu, akamuuza mtamba wake wa pekee, maana ng'ombe waliobaki walikuwa wa kukamuliwa. "Huyu ndiye niko naye," aliniambia. "Mwingine hakuna." Nikikosea, kazi imekwenda na mtamba amekwenda, na huyo mama nitamwangalia vipi kila asubuhi?

Tukaenda naye Kericho mjini, kwa kijana mmoja aliyeitwa Wafula, mcheshi, mdomo wa asali. Akatutolea kamera mbili za bei moja. Moja mpya, inang'aa kwenye boksi, megapikseli za kumwaga. Nyingine ilikuwa imetumika, pembe zimechubuka, megapikseli chache, lakini alisema inapiga picha kwa mfululizo wa haraka na imezibwa maji yasiingie. Moyo wangu uliruka kwa ile mpya. Usinicheke. Nawaona nyinyi vijana mkipapasa maboksi dukani, najua ugonjwa ni ule ule.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye benchi, leso kichwani. Akauliza, "Hizi zimejaribiwa na kitu kinakimbia?"

Wafula akacheka. "Mama, kamera si ng'ombe."

"Lakini pesa ni ya ng'ombe. Na kwetu hatununui ng'ombe kwa kuangalia pembe. Tunaenda jioni, anakamuliwa tukiona. Kuja nazo nyumbani Jumapili, kijana wangu. Utakunywa mursik."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini Wafula alikuja, Mungu ambariki popote alipo. Nafikiri ni ile mursik, maana maziwa ya kibuyu cha mama yalikuwa na sifa.

Mawingu yalikuwa yameshuka na manyunyu yameanza, yaani hali yenyewe ya mashindano ya alasiri huku kwetu kwenye majani chai. Mama akafungua kizimba. Ndama wakati wa kukamua hawaulizi njia, wanatoka mbio kwa mama zao. Nikaanza na ile mpya. Picha ya kwanza, mkia. Ya pili, ukungu mtupu. Kisha mashine ikaganda, inahifadhi hizo picha zake kubwa, na ndama ameshafika, ananyonya. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na ile ilikuwa imetembezwa sana.

Ndama wakarudishwa, wakilalamika. Wafula akachukua ile iliyochubuka, akanionyesha namna ya kuongeza kasi ya shata, kile kijilango kinachoingiza mwanga, halafu akapiga magoti na suruali yake ya kanisani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Pa-pa-pa-pa-pa! Tukamwona ndama miguu yote minne hewani, tope likimruka tumboni. Kwenye video fokasi niliizungusha kwa mkono picha isiwe na ukungu, na ilikuwa na tundu la maikrofoni, basi tukasikia hadi kwato.

Mama akainamia kioo cha nyuma. "Huyu ni ndama," akasema. "Yule mwingine alikuwa moshi."

Tukainunua hiyo iliyochubuka. Mashindano yalipofika, pale Kiptere, mvua ilimwagika. Wapiga picha wenzangu walifunika kamera zao kwa karatasi za nailoni wakakimbilia hemani. Mimi nilibaki pale kwenye utepe wa kumalizia mbio, nimelowa chapachapa, na wale wasichana wakanifikia mmoja mmoja, nikawapata wote. Ile kazi ndiyo imesomesha watoto wangu. Asante ya punda ni mateke, lakini mimi si punda, nitamshukuru yule mama mpaka siku yangu.

Basi, mwanangu, usianze na megapikseli. Uliza kama fokasi inamfuata anayekimbia, kama inaona kwenye mwanga hafifu, kama mvua yetu haitaiua, kama maikrofoni ina pa kuchomekwa. Kamera ya bei ya katikati inatosha, pesa inayobaki weka kwenye lenzi. Na usiamini duka, taa za duka ni za kuuzia. Ipeleke kwenye kitu kinachokimbia, saa ile ile utakayofanya kazi.

Siku moja mama mkwe aliniambia, "Sura yangu kwenye picha naijua. Sijui vile natembea." Nikampiga video akiteremka na kikapu cha majani chai kwenda kituo cha kuyapimia, mabega mbele, haraka haraka. Kitinda mimba wangu alizaliwa bibi yake ameshazikwa. Lakini mwendo wa bibi anaujua, na akiwa na haraka anatembea hivyo hivyo.

Nenda salama. Mungu akupe mtu wa kukuamini kabla hujaijua kazi, na akujalie kumpiga video angali anatembea.