Punda Aliyejikuna Jioni

Nilipohamishiwa Garissa mara ya pili, nilikwenda nimejaa majivuno. Mara ya kwanza nilikuwa msaidizi tu kule Hulugho, kazi yangu kushika shingo za ngamia ili wakubwa wadunge chanjo. Safari hii nilikuwa afisa wa mifugo kamili, mwenye meza, muhuri na pikipiki ya kazi. Kwetu ni mlimani, kwenye chai na ng'ombe wa maziwa, lakini nilishajiona mwenyeji wa nchi kavu. Watu waliniita Daktari. Mimi si daktari, nina stashahada ya afya ya mifugo, ila sikumsahihisha mtu.

Maji ya nyumbani kwangu yaliletwa na mama mmoja mwenye punda. Bomba la mtaa wetu hutoa maji siku moja na kukohoa siku tatu, kwa hiyo muuza maji ni mtu wa maana kuliko jirani. Mama huyu alikuwa wa makamo, mrefu, mchache wa maneno. Alitoka Tarbaj baada ya mumewe kufariki, maana kubaki kule kulitaka akae kwa kaka yake, na yeye na wifi yake hawapikiki chungu kimoja. Akaja mjini, akapata punda na mkokoteni, akaingia kwenye foleni ya kioski cha maji akiwa mwanamke peke yake kati ya wanaume. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, aligonga geti langu kwa kiganja mara mbili. Hakuwahi kugonga ya tatu.

Punda alikuwa dume la kijivu lenye mstari mweusi mgongoni. Mama alimpenda kuliko alivyotaka watu wajue. Alimfokea kwa Kisomali barabara nzima, kisha wakifika kivulini alimfuta macho kwa ncha ya mtandio wake.

Mvua za mwaka ule zilipokwisha, punda akaanza kujikuna. Alfajiri alijisugua kwenye nguzo ya stima, kwenye mwarobaini, kwenye ukuta wa mabati wa kinyozi mpaka kinyozi akatoka na povu shavuni akilalamika. Nywele za shingoni zikakatika. Shina la mkia likabaki ngozi tupu, kisha kidonda. Wenzake kwenye foleni wakaanza kuwasogeza punda wao kando.

Waliponiita, nilifika na pikipiki nikaizima kwa mbwembwe katikati ya foleni. Watu walikuwa wengi. Nilimshika punda sikio, nikaangalia shingo, nikaangalia mkia, nikasema, "Huyu ana upele." Sikukwangua ngozi kuipeleka kwenye hadubini. Hadubini ilikuwa ofisini, ndani ya kabati, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikuwa nimeshaona upele wa ngamia wengi mno, sikuona haja.

"Upele unaambukiza," nikaongeza kwa sauti ya mkutano. "Huyu asisimame tena hapa na wenzake. Mama, mtenge. Una mahali?"

Alikuwa napo. Tangu mvua zianze, jirani yake alikuwa akilalamikia mlio wa punda, na jamaa yake mwenye shamba la migomba kando ya mto alimruhusu amlaze huko. Kila siku baada ya adhuhuri alimpeleka, akamfunga penye majani mabichi na kivuli, na alfajiri akamfuata. Aliniambia hayo akiona fahari kidogo, maana kule Tarbaj punda hajui kivuli cha mgomba.

"Vizuri sana," nikasema. "Basi akae huko huko, usiku na mchana, mpaka nikwambie." Nikamdunga sindano nikaenda zangu.

Yaliyofuata ndiyo yananipa taabu kuyaandika. Neno langu lilitembea mtaani kunishinda hata mimi na pikipiki yangu. Kesho yake nilisikia gurudumu la mkokoteni, nikachungulia dirishani. Mama alikuwa ameshika mikono ya mkokoteni mwenyewe, mahali pa punda, akivuta mitungi sita kwenye mchanga. Akagonga geti mara mbili. Nami, mwenye stashahada, ninayejua fika kwamba upele hauingii kwenye maji wala hautembei juu ya mtungi, nikamwambia nikiwa ndani kwamba leo nimeshapata maji. Sikuwa nimepata. Jioni ile nikatafuta muuza maji mwingine.

Wateja wake wengine walifanya vivyo hivyo, na nadhani waliniangalia mimi kwanza. Kama Daktari hanywi, nani atakunywa?

Baada ya wiki mbili punda alikuwa na hali mbaya zaidi. Nikamdunga tena. Baada ya wiki ya tatu shingo nzima ilikuwa nyekundu na nzi wanapiga kambi. Mama akaanza kuja ofisini. Hakufoka. Alikaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi, mikono magotini, na kila nilipopita alinisalimia, "Asalaam aleikum, Daktari," basi. Ningependa angefoka. Mtu anayefoka unaweza kumjibu.

Siku ya nne nilishindwa, nikaketi karibu naye.

"Mama, huyo punda huenda hatapona. Labda utafute mwingine."

"Nitatoa wabi?" akasema, maana Kisomali hakina "p" na yeye huitamka "b". "Mzee ya kioski amesema hii wiki ikiisha nafasi yangu ataba mtu mwingine. Baada ya hiyo mimi ni kurudi Tarbaj, kukaa nyuma ya nyumba ya kaka yangu." Akanigeukia. "Daktari, nikuulize. Wewe unakuja kuona bunda saa ngabi?"

"Asubuhi. Saa tatu, saa nne."

"Saa tatu hajikuni. Anajikuna jioni na alfajiri. Wewe hujawahi kuona jioni."

Nilitaka kumwambia kwamba upele hauangalii saa. Mdomo ulishafunguka. Halafu nikasikia maneno hayo hayo kwa ndani, na yakanikalia vibaya. Ni kweli upele hauangalii saa. Mnyama mwenye upele hujikuna asubuhi, hujikuna mchana, hujikuna usiku. Sasa huyu wa jioni alikuwa na nini? Wiki tatu nzima sikumuuliza mwenye punda swali hata moja.

Siku hiyo hiyo, saa tisa alasiri, tulikwenda naye shambani. Nilikaa juu ya mtungi uliopinduliwa, yeye akatandika kanga kwenye majani. Mto ulikuwa umerudi mkondoni mwake lakini ulikuwa umeacha madimbwi katikati ya migomba, maji mazito ya kahawia yenye majani yaliyooza. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka upande wa daraja. Punda alikuwa ametulia anakula. Saa kumi ikapita, saa kumi na moja ikapita, punda hajajikuna hata mara moja. Nikaanza kufurahi moyoni kwamba sindano ya pili imefanya kazi, na nikaanza kupanga nitakavyolisema hilo pale kioski.

Jua lilipokaribia kuzama, upepo ukakatika. Migomba ikasimama kimya. Punda akainua kichwa. Akapiga mguu chini, akapiga mkia huku na huku, kisha akaenda moja kwa moja kwenye mgomba na kuanza kujisugua shingo kwa nguvu mpaka mgomba ukainama. Alijisugua hivyo akikoroma. Niliona uchungu kumwangalia.

"Unaona?" mama akasema.

Mimi nilikuwa najikuna. Nilikuwa nimeanza na kifundo cha mguu bila kufikiri, nikahamia shingoni, kwenye mstari wa nywele, nikarudi mguuni. Kulikuwa na muwasho mkali kama wa cheche, na mikono yangu miwili haikutosha. Mama alikuwa amejifunika kuanzia kichwani hadi nyayo, amebaki uso tu, ametulia tuli. Aliniangalia kwa muda.

"Daktari," akasema, "na wewe uko na ubele?"

Kisha akacheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, na punda nyuma yake anasugua mgomba, na mimi kati yao najikuna kama mtu aliyekalia upupu.

Niliwasha tochi ya simu nikaielekeza kwenye shingo ya punda. Walikuwa pale, wadogo kuliko punje ya pilipili manga iliyosagwa, wamejaa penye mizizi ya nywele na penye shina la mkia. Usubi. Wanazaliana kwenye matope na maji yaliyosimama, hutoka jioni na alfajiri, upepo ukivuma hawawezi kuruka. Kuna farasi na punda ambao damu yao haipatani na mate ya wadudu hao, wakiumwa huwashwa mpaka wajichune. Nilisomeshwa hayo chuoni. Niliyajibu kwenye mtihani nikapata alama nzuri.

Nikamwambia yote, na sikuacha sehemu iliyonihusu. Alimleta punda kando ya mto kwa mapenzi, na usubi wakamkuta. Ningemwangalia vizuri siku ya kwanza, angeondolewa hapo siku ile ile. Mimi ndiye niliyeamuru akae hapo usiku na mchana, wiki tatu, amefungwa kwa kamba, asiweze hata kukimbia. Nilisema nina aibu. Nilikuwa nayo kweli, ilinipanda mpaka masikioni.

Aliwaza akichora mchanga kwa kijiti.

"Sisi kule Tarbaj tukibata mvua, ngamia anasumbuliwa na hii vitu vidogo vidogo," akasema. "Tunawasha samadi kavu, moshi inabita juu yake. Anakaa ndani ya moshi anafurahi. Lakini hii ya mto mimi sikujua. Mimi naona majani, nasema mashallah."

Alikuwa na dawa ila hakujua ugonjwa. Mimi nililipwa mshahara kujua ugonjwa.

Tulimfungua punda pale pale tukamrudisha mtaani. Tukamfunga kwenye uwazi nyuma ya nyumba, unapopita upepo, na kila alasiri mama alifukiza samadi kavu upande unaotoka upepo. Jirani aliyelalamikia mlio sasa alilalamikia moshi, nikaenda kumwomba radhi mimi mwenyewe. Kwa ajili ya alfajiri mama alichukua dirac yake kuukuu, lile gauni pana jepesi la kina mama wa Kisomali, yenye maua mekundu, akaipasua na kumshonea punda joho la kufunika kuanzia masikioni hadi mkiani. Alipendeza, sitanii. Alikuwa punda aliyevaa vizuri kuliko wote mjini.

Siku ya tano alikuwa ameacha kujisugua. Vidonda vikakauka.

Lakini foleni ilikuwa bado imefungwa. Mzee wa kioski, mwenye ndevu za hina, alimzuia mama kwa fimbo. "Daktari alisema," akamwambia, na hakutaka kusikia la ziada. Ilikuwa siku moja kabla ya wiki kwisha. Mama alikuja kunieleza bila kuniomba kitu. Alisimama mlangoni tu mpaka nikaelewa.

Nililala vibaya. Kukosea shambani mbele ya mtu mmoja ni jambo jingine, na kukosea mbele ya watu ulioringia pikipiki ni jambo jingine kabisa. Nilifikiria kuandika barua yenye muhuri, niseme mnyama "amethibitika kupona", maneno ambayo yangenifunika vizuri. Asubuhi niliiacha pikipiki nyumbani nikaenda kwa miguu.

"Adeer," nikamwambia mzee. Ndivyo tunavyowaita wazee wa huko, baba mdogo. "Huyu punda hakuwa na upele."

"Wewe ulisema ubele. Hapa, watu wote walisikia."

"Nilisema. Nilikosea. Sikumpima. Alikuwa anaumwa na usubi wa mto, haambukizi mtu wala punda, na maji ya huyu mama hayakuwa na kasoro hata siku moja. Mimi mwenyewe niliacha kuyanunua, na nilijua hayana kasoro."

 Hili la mwisho sikuwa nimepanga kulisema. Mzee alinitazama, akamtazama punda na maua yake mekundu, kisha akatumia ile fimbo yake kumsukuma punda wake mwenyewe hatua mbili nyuma. Mama akaingia kwenye nafasi yake.

Nilimfuata alipomaliza kujaza mitungi. Nikamwambia ningefurahi kama angeniletea maji tena, kama zamani.

"Wewe una mtu ya maji," akasema, anakaza kamba.

"Nimemwacha."

Alikaza kamba nyingine. Alikagua gurudumu. Alimfuta punda jicho kwa ncha ya mtandio.

"Nitaleta. Lakini saa kumi na mbili na nusu nimeshaba mtu mwingine, yeye hakunifungia geti. Wewe utakuwa wa mwisho."

Mpaka leo mimi ni wa mwisho kwenye mzunguko wake. Geti langu linagongwa saa nne, wakati ninapotakiwa kuwa ofisini, mara mbili, na asipofunguliwa anapita. Nimechelewa mikutano kwa sababu hiyo, na bosi wangu ameniuliza kwa nini nisitafute muuza maji mwingine. Nilimwambia huyu ananitosha, nikawahi nyumbani kufungua geti.