Mbwa wa misuli migumu apata mama huko Matiri

Saa moja asubuhi. Ukungu bado umelala kwenye bonde la Matiri, wilayani Mbinga, lakini Walburga Kapinga (51) ameshafika shimo la tisa. Anachimba ngolo, mashimo ya Wamatengo yanayopangwa mteremkoni kama sega la nyuki ili mvua isiondoke na udongo. Mumewe, Ladislaus, alishafyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana. Kazi ya Walburga ni kuchimba katikati, kuzifunika nyasi kwa udongo na kupanda maharage.

Nyuma yake, juu ya tuta, anakuja mbwa jike wa rangi ya majani makavu. Anapiga hatua tatu, miguu inakakamaa. Anaruka na miguu yote ya nyuma kwa pamoja kama sungura, anapinduka, anatumbukia shimoni.

“Hilo la saba leo,” anasema Walburga bila kugeuka. “Mimi nachimba, yeye anakagua.”

Mbwa anapanda mwenyewe na kujikung’uta. Kadiri jua linavyopanda, anaanguka mara chache zaidi.

Lakini leo ana safari. Saa tisa alasiri kuna chanjo ya kichaa cha mbwa kwenye uwanja wa shule, na baada ya miezi ya malalamiko, wakazi wa kitongoji watakata shauri papo hapo: mbwa huyu abaki au auawe.

Aliokotwa mwaka juzi ndani ya kiroba, karibu na mtambo wa kumenya kahawa, pamoja na wenzake wawili. Nao walikuwa wakiyumba na kuanguka. Watu wakadhani ni kichaa, wakawapiga mawe. Huyu aliyebaki hai alichukuliwa na afisa mifugo wa kata, Sekela Mwakalinga, mwenyeji wa Rungwe, ambaye alimtenga na kumchunguza kwa muda kabla ya kumchanja.

“Nilimrekodi video nikamtumia mwalimu wangu wa chuo, Morogoro,” anasema Sekela. “Akasema kwa dalili hizi ni ugonjwa wa misuli wa kurithi. Msuli ukishakaza, unachelewa kulegea. Hauambukizi. Dawa ya kuuponya hakuna, lakini anaweza kuishi vizuri tu.”

Mwenye nyumba alikopanga Sekela hakutaka mbwa. Siku moja Walburga akafika kwake kuuliza dawa ya kuku. Alirudi nyumbani bila dawa, na mbwa kwenye kikapu.

Kwa huruma, alimfanya kama mgonjwa wa nyumbani. Alimfunga mgongoni kwa kitenge, akamlaza karibu na jiko, akamlisha ugali na maji ya dagaa wa ziwani akiwa amelala.

“Nilimwuliza, mama Festo, huyu ni wa ngapi sasa?” anasema Ladislaus. “Tumpe jina la bibi yangu au la bibi yako?”

Wiki tatu baadaye Sekela alipita kumwona, akamkuta amekauka kama gogo.

“Nikamwambia, mama, unamharibu kwa kumhurumia. Huyu akilala sana anazidi kukaza. Misuli yake inalegea akitembea.”

Tangu hapo anakwenda shambani kila siku.

Jina lake la kwanza lilikuwa Simba, lakini halikudumu. Kila alipoanguka, walioona walisema “pole”, naye akaamini kwamba ndilo jina lake. Shida ni kwamba huku pole husemwa njia nzima. Mtu akimpa Walburga pole na kazi, mbwa anainuka na kumfuata mtu huyo. Mwaka jana aliingia msibani kwa jirani yao, Beata.

“Mmoja anampa mfiwa pole, mbwa huyo anakuja,” anasimulia Ladislaus. “Wa pili anasema pole, anakwenda kwake. Tulikuwa zaidi ya thelathini. Mpaka Beata mwenyewe akacheka, na alikuwa hajacheka siku nne.”

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Isidori Hyera, hachekeshwi. Mjukuu wake aliwahi kung’atwa na mbwa mwenye kichaa, wakahangaika na sindano hadi Mbinga mjini.

“Sina ugomvi na mama Festo,” anasema. “Lakini nikiona mbwa anayumba, namkumbuka mjukuu wangu.”

Saa tisa uwanjani kuna mbwa zaidi ya arobaini, na kelele hazisemeki. Pole anatembea vizuri, kamba ikiwa imelegea, mpaka pikipiki moja inapopiga mlipuko wa moshi kando ya foleni. Anakakamaa miguu minne na kuanguka ubavu.

Watu wanarudi nyuma. “Si nilisema!” mmoja anapaza sauti.

Walburga anapiga magoti. Mzee Isidori anasogea, fimbo mkononi. Anamtazama mbwa, kisha anamtazama mama yule, udongo wa shambani umemkaukia hadi viwikoni.

“Pole, mama Festo,” anasema kwa sauti ya chini.

Sikio la mbwa linasimama. Anasukuma miguu, anaruka kisungura mara mbili, anakwenda moja kwa moja hadi kwa mzee na kukaa juu ya buti lake.

“Sasa huyu anataka nini kwangu?”

“Umemwita mwenyewe, mzee!” anajibu mmoja kwenye foleni.

“Nimemwambia mama yake!”

“Sema tena pole, tuone!”

Uwanja mzima unaangua kicheko. Mzee haondoi mguu. Anamgeukia Sekela.

“Mwaka jana alichanjwa?”

“Alichanjwa. Kadi hii hapa.”

“Basi mchome na ya mwaka huu. Abaki. Ila asizae.”

“Hata mimi sitaki azae, mzee,” anajibu Walburga, akifuta macho kwa upindo wa kanga. “Watoto wake wasije wakapigwa mawe.”

Mwezi ujao Sekela atampeleka Songea akafungwe kizazi. Ladislaus naye ana mpango wake wa mwakani.

“Baba alinifundisha kulaza nyasi za ngolo, hakunionyesha pa kuweka njia ya mbwa,” anasema. “Nitaacha njia moja ikate mlima kwa ubavu, asitumbukie tena mashimoni. Upana wa hatua moja.”

“Mbili, baba Festo,” anasema Walburga. “Tunapita wawili.”