Mkanda wa Chini ya Ukuta

Kitabu cha usanifu nilikinunua sokoni Migori, kati ya viatu vya mitumba. Hakikuwa na jalada. Kilieleza mstari, umbo, rangi na nafasi, nami nilikisoma kila jioni baada ya kufunga kibanda changu cha kutengeneza redio. Sura ya mstari niliinakili yote daftarini.

Kisha Mama akavunjika kifundo cha mkono, huko nyumbani Uriri, wiki ambayo wageni wa mahari ya mjukuu wake walitarajiwa. Wangeketi nyumbani kwake, na ukuta ulikuwa umepasuka. Kwa miaka yote alikuwa akiusiriba kwa mikono yake mwenyewe, hakuruhusu mtu. Safari hii akaniita mimi, mwanawe wa kiume, ingawa kwetu kusiriba ni kazi ya wanawake.

"Shemeji, umeolewa lini?" mke wa ndugu yangu aliniuliza aliponikuta nina udongo hadi viwikoni.

"Mwache," Mama akasema kutoka kitini. "Wewe ungemaliza haraka. Huyu atamaliza vizuri."

Sehemu ya juu ilikwenda salama. Ikabaki mkanda wa chini, wa udongo mweusi, unaoficha matope yanayorushwa na mvua. Nilivuta uzi, nikaweka pimamaji, kile kipimo chenye kichupa cha maji, nikapaka. Kisha nikarudi nyuma hadi langoni kutazama.

Kwa macho, nyumba ilikuwa inaanguka. Baba aliijenga ikifuata mteremko, paa na msingi pamoja, na mkanda wangu ulionyooka uliikata kama mfuniko uliokaa upande. Wageni wangekuja kesho, na udongo ulikuwa unakauka.

"Nimepima, Mama."

"Umepima nini, baba? Hicho kichupa chako ndicho kitakaa humu na wageni?"

Aliinuka. Kwa mkono wake mzima alipima shibiri tatu kutoka ardhini, akabonyeza kidole gumba ukutani, akasogea hatua moja, akapima tena. Nilimfuata nikikwangua na kupaka, kutoka alama hadi alama. Kwa pimamaji mstari ule ulikuwa umeinama. Kutoka langoni ulikuwa umenyooka, na nyumba ikasimama.

Kesho yake bibi mmoja wa upande wa bwana harusi alipitisha kiganja ukutani.

"Yaani umesiriba hivi na mkono umevunjika?"

"Mkono wangu ni ule pale," Mama akamjibu, akinionyesha kwa midomo. "Umebeba soda."