Kichaka Kilicholindwa na Kesi

Nilirudi Gatete na shahada ya mazingira na imani moja isiyotikisika: penye ugomvi wa watu, viumbe huangamia. Mfano niliukuta nyumbani. Baba mkubwa, aliyerejea kutoka ukimbizini Tanzania, alikuwa akigombea shamba na jirani aliyelilima miaka yote ambayo sisi hatukuwepo. Katikati ya shamba hilo kilisimama kichaka cha miti ya asili, na katika tundu la mti mmoja mkubwa ndege wawili, hondohondo, walikuwa wameatamia.

Kichaka hicho ndicho nilichotaka kukiokoa. Kwa hiyo nikautangazia ugomvi vita. Nilipita ua hadi ua nikihubiri suluhu, mpaka wazee wa kilima chetu wakaitwa na shamba likagawanywa nusu kwa nusu. Baba mkubwa na jirani wakanywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja, wakipokezana, kama desturi inavyowataka waliopatana. Machozi yalinitoka.

Kesho yake niliamshwa na milio ya mapanga.

“Baba mkubwa, munafanya nini?”

“Tunasafisha. Tunapanda michikichi.”

“Lakini kichaka hiki hakijaguswa miaka yote!”

Jirani akacheka, jasho likimtiririka. “Mutoto wetu, nani angekigusa? Penye kesi, mwenye kukata mti anajiitisha mwizi. Sasa iko amani. Murakoze sana!”

Wote wawili wakanipa mkono. Sijawahi kushukuriwa kwa dhati namna ile.

Kufikia adhuhuri ulibaki mti wenye tundu peke yake, juu ya mpaka kabisa. Jike lilikuwa ndani, limejiziba kwa udongo pamoja na makinda. Dume lilikuja na tunda mdomoni, likazunguka likitafuta tawi ambapo lilizoea kutua kwanza.

“Huu nao muuache,” nikawaomba.

“Ndege anakamua mawese?” akauliza jirani. “Kesho tunauangusha. Mbao nusu kwa nusu.”

Jioni, nikimsindikiza baba mkubwa nyumbani, nilimwuliza kwa ule upole niliojizoeza katika kupatanisha: “Baba mkubwa, una hakika wazee waliupima mpaka sawasawa? Mimi naona ule mti wote uko upande wetu.”

Akasimama. Akageuka kuutazama, na shoka likashuka taratibu kutoka begani mwake.