Siku Bibi Alipoimba Bongo Fleva Kwenye Ndiva

Wiki iliyopita nilikuwa nimeketi saluni pale Same mjini, kichwa nusu kimesukwa, wasichana watatu wakaanza kuimba pamoja na simu iliyokuwa mezani. Mwimbaji alikuwa anamwambia mwanamume fulani achukue jibu lake aende zake. Wale wasichana waliimba huku wakinyoosheana vidole, na hapakuwa na mtu wa kuwakemea. Nilicheka mpaka msusi akasimamisha mkono kuniangalia. Yeye nilishindwa kumweleza, lakini wewe una nafasi, ngoja nikusimulie.

Mimi na dada yangu tulilelewa na bibi huko juu milimani, Upare Kusini, ambako ukungu wa asubuhi hukawia migombani mpaka unaona uvivu kutoka kitandani. Dada alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi tisa. Nikiukumbuka utoto wangu nasikia harufu ya tangawizi mbichi, na ya makande yaliyochemka tangu alfajiri. Bibi alikuwa na redio ya betri nne, na betri zikichoka tulizianika juani juu ya jiwe. Kwake redio ilikuwa ya ibada na matangazo ya vifo. Kwa dada ilikuwa ya Bongo Fleva, saa tisa alasiri, bibi akiwa hayupo.

Msimu ule ulivuma wimbo wa binti mmoja aliyekuwa akifuatwafuatwa na mtu asiyemtaka. Kiitikio chake kilikuwa hivi: “Jibu nimekupa, niachie njia.” Tuliuimba tukiosha vyombo, mimi nikishika mwiko mdomoni kama mwimbaji wa kweli. Siku moja bibi akatufuma. Hakupiga kelele. Alitoa betri zote nne, akazifunga kwenye pindo la kanga yake, akasema, “Msichana mwenye adabu hatangazi kwamba amekataa. Anakataa kwa kuondoka.” Nilimchukia siku tatu nzima.

Sasa, kama hukukulia kwetu, nikueleze habari ya maji. Maji ya mlima tuliyakusanya kwenye ndiva, bwawa la udongo walilochimba mababu, kisha yakashuka kwa mifereji hadi mashambani, kila nyumba na zamu yake. Mkononi mwa nani? Mkononi mwa mgawa maji, mtu mmoja aliyefungua na kufunga ubao wa ndiva. Wetu alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, mabuti ya mpira miguuni na kofia pembeni kidogo. Mvua zilikuwa zimetukimbia, mahindi yetu yamefikia kubeba, na zamu yetu ikifika maji yalikuja kidogo kama ya kunawia mikono, halafu yakakatika.

Bibi alidhani mfereji umetoboka. Akashuka mwenyewe shambani na fimbo yake, akaukagua wote, hakuona tundu. Aliporudi alikaa jikoni, akamuuliza dada kinachoendelea. Dada alikuwa anachambua maharage. Alijibu bila kuinua uso.

“Ananingoja mferejini, bibi. Anasema nikiwa mwema kwake, na maji yatakuwa mema kwetu.”

“Wewe unamjibuje?”

“Naondoka.”

“Umeondoka mara ngapi?”

“Wiki ya tatu hii.”

Bibi alikoroga makande muda mrefu, wala hayakuhitaji kukorogwa. Mimi niliogopa. Nilijua bila mahindi yale tungeingia kwenye njaa, na nilidhani bibi angemwambia dada akazungumze na yule mtu vizuri. Wazee wengine walikuwa wakisema hivyo, tusidanganyane. Mwishowe akaweka mwiko chini.

“Ule wimbo wenu,” akasema, “unaanzaje?”

Jumamosi iliyofuata ilikuwa msaragambo, yaani kijiji kizima kinatoka kufanya kazi ya wote. Tulikwenda kuzoa tope la ndiva. Wanaume walichimba chini, wanawake wakapanga mstari kupitisha makarai mkono kwa mkono, na sisi watoto tukarudisha yaliyo matupu. Kazi ile haiendi bila wimbo. Mmoja hutoa, wote huitikia, na asiyeitikia anahesabiwa mvivu anayewabebesha wenzake. Msimamizi juu ya ukingo ndiye huitikia kwa nguvu kuliko wote. Msimamizi, bila shaka, alikuwa mgawa maji. Na mtoa nyimbo, tangu mama yangu hajazaliwa, alikuwa bibi.

Alianza polepole, kwa sauti yake ya kanisani, hata baadhi wakadhani ni tenzi. “Jibu nimekupaaa.” Vijana waliutambua wimbo wakaangua kicheko, kisha wakaitikia kwa furaha, “Niachie njia!” Makarai yakaanza kwenda. Mgawa maji naye aliitikia, kifua mbele, amefurahi kwamba bibi kizee anaimba nyimbo za redioni.

Bibi akaanza kuongeza maneno yake, kama ilivyo ruhusa ya mtoa wimbo. “Maji ukiyafunga!” Niachie njia. “Mahindi yakikauka!” Niachie njia. Hapo nikaona vichwa vya wanawake vikigeuka, kimoja kimoja, kuelekea ukingoni. Kisha bibi akamnyooshea dada fimbo.

Dada alikuwa na karai la tope mikononi. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, ikakaa sawa. “Umenifuata mferejini!” Mstari mzima ukaitikia mpaka nikahisi ngoma kifuani. “Wiki tatu nakukataa!” Niachie njia. Wanaume waliokuwa chini wakaacha kuchimba, wakasimama na majembe yao, wakiitikia.

Mgawa maji alikuwa kimya. Jirani yetu, mama mmoja mfupi mwenye mikono ya kazi, akamwambia kwa upole kabisa, “Itikia, bwana. Kazi inasimama.”

Akaitikia. Kwa sauti ndogo, macho kwenye mabuti yake, lakini aliitikia, na mimi niliyekuwa nimemwogopa mtu yule kuliko chui nilicheka hadi nikaketi kwenye tope.

Mchana, watu walipokaa kula, wanawake wengine wawili walisimama wakasema yao kuhusu yeye. Mwenyekiti wa ndiva hakuhitaji zaidi. Ubao alikabidhiwa yule jirani mfupi siku ile ile. Alhamisi zamu yetu ilipofika, maji yalishuka mfereji mzima, ya rangi ya chai ya maziwa, na mimi na dada tulisimama miguu peku kati ya mistari ya mahindi tukipiga kelele. Bibi alirudisha betri kwenye redio.

Ndiva yetu siku hizi imesakafiwa kwa saruji, haijai tope kama zamani. Msaragambo unatangazwa kwenye kundi la simu, na wengi hutuma kibarua. Bibi amelala nyuma ya kanisa, na sijasikia tena mstari wa wanawake ukiitikia kwa pamoja vile. Nakuambia kweli, nalia nikiyakumbuka yale makarai.

Dada yangu sasa ana mabinti wawili wakubwa. Krismasi iliyopita niliwasimulia mkasa huu wote, yeye akisikiliza, nikamalizia kwa kusema kwamba ule wimbo ndio uliotuokoa. Akanikata.

“Wimbo uliniletea watu, na nawashukuru mpaka leo,” alisema. “Ila kukataa nilikuwa nimeshakataa, peke yangu, mferejini, kila siku. Mahindi yangekauka yote, tungelala njaa, na jibu langu lingekuwa lile lile.”