Nimenunua mashine, nikakosana na Mama Atis

Leo nimejiaibisha ndani ya duka la vyombo vya umeme, mbele ya watu.

Nilienda tu kuchagua mashine ya kukatakata mboga. Kulikuwa na ndogo na kubwa. Ile ndogo ingenitosha kabisa.

Muuzaji akaniuliza kwa heshima, "Mama, uko na mboga tuijaribu nayo?"

Si niko nayo! Nikatoa sukuma kwa mfuko kama mtu amejipanga.

Ilikuwa imeshakatwa. Nyembamba kama uzi.

Muuzaji akaangalia sukuma, akaangalia mashine yake, akaniangalia mimi. "Nani alikukatia hii?"

"Mama Atis wa mboga, kule kwetu Nyamasaria. Hunikatia kila siku."

"Sasa mama, mashine ni ya nini?"

Duka lote likacheka. Nikachemka, nikasema kwa sauti, "Nipatie ile kubwa!"

(Ndiyo, ni kiburi. Msinianze.)

Shida ikawa kurudi nyumbani, kwa sababu lazima nipite kibanda cha Mama Atis. Alikuwa anamkatia mteja sukuma. Akaangalia picha kwenye katoni pole pole. Kisu kikasimama.

"Kumbe umeniletea mke mwenza! Na mimi mikayi, mke wa kwanza, hata hukuniuliza?"

"Ni ya vitunguu tu, Mama Atis."

"Sawa. Kesho sukuma yako utabeba nzima, akukatie yeye."

Katoni iko hapa mezani. Sijaifungua.

Watu wa Nyamasaria, kuna njia ingine ya kufika steji bila kupita kwa huyu mama?