Mbuzi Saba Mlangoni kwa Ayeeyo

Leo asubuhi nimefungua mlango wa nyanya yangu hapa Modogashe, nikakuta mbuzi saba kwenye foleni.

Na wenye mbuzi. Wote wananitazama mimi.

"Daktari ameamka!" ayeeyo akawatangazia. (Ayeeyo ndiye nyanya kwetu Wasomali.)

Daktari gani, wallahi? Mimi niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasomea sayansi ya mifumo ya dunia. Mvua, udongo, hewa. Mbuzi namjua kwenye supu tu!

Kosa ni langu. Jana aliniuliza nasomea nini. Kisomali changu cha Nairobi ni cha kuokoteza, basi nikamjibu neno moja: "Adduunyo." Yaani dunia.

Nikasahau kwamba kwa mfugaji, adduunyo ni mali pia. Na mali ni mifugo.

Ikabidi nijieleze mbele ya watu, aibu imenijaa. "Ayeeyo, mimi nasoma vile mvua inaleta nyasi, na nyasi inashika udongo, na..."

Akanikatiza. "Nyasi ikikosekana, huyu mbuzi atakula nini?"

"Hatakula."

"Basi si ndiyo adduunyo hiyo? Kwani walimu wako wanasemaje?"

Mwaka mzima wa mihadhara, ayeeyo ameumaliza kwa neno moja.

Kama kuna rafiki hapa anayesomea mifugo, anipigie sasa hivi. Mbuzi wa kwanza anakohoa, na ayeeyo ameshamwambia mwenye mbuzi atulie, mjukuu wake anajua dunia nzima.